Mstari wa Pili Kwenye Mishkaki ya Mzee Mshamu

Jumamosi, jua linazama. Joto la leo ni lile la kukaa kifua wazi, lakini mie nimevaa shati, nimefunga mlango, nimefunga na dirisha, na nimekaa kitandani natetemeka kama nina malaria. Sina malaria. Nina woga.

Shajara, humu umezoea kunisikia nikijimwambafai. Leo sina cha kujisifia. Nakuandikia kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwambia, na nikikaa kimya dakika mbili zijazo kichwa kitapasuka.

Ngoja nianze mwanzo.

Wasomaji wa blogu hii (yaani binamu yangu Amani na watu wengine wachache ambao siwajui, karibuni sana) mnajua kwamba tangu masika naendaga Mabibo kila Jumamosi kwenye maabara ya watu wote. Si chuo. Ni chumba kikubwa juu ya duka la vifungashio, jirani na soko, na anaingia yeyote: wanafunzi wa hosteli, mama lishe, mafundi cherehani, hata mie niliyeishia kidato cha pili kwa sababu ambazo walimu wanazieleza tofauti na ninavyozieleza mie. Hakuna anayekuuliza cheti. Unavaa koti jeupe na glavu, unaambiwa shika hiki, mimina kile. Siku ya kwanza tulitoa vinasaba kwenye ndizi kwa sabuni ya vyombo na chumvi, vikaelea juu kama makamasi. Mtaani nikawaambia nimetoa roho ya ndizi na nimeiona kwa macho.

Waliamini. Mie nikisema kitu, watu huwa wanaamini. Hilo nilikuwa naliona ni baraka.

Somo la sasa ni nyama. Mwalimu wetu, Dada Rukia, binti mmoja mpole mwenye mtandio na macho ya kukuona mpaka mfukoni, alitueleza kwamba kila mnyama ana maandishi yake ndani ya kila chembe ya mwili, na hata ukimchoma maandishi hayafutiki yote. Unakata kipande kama punje ya mchele, unakilowesha kwenye dawa, unaweka kwenye mashine ambayo sie tunaiita fotokopi, maana kazi yake ni kunakili yale maandishi mpaka yawe mengi. Halafu unayapitisha kwenye kitu kama jeli, chini ya taa ya buluu. Mstari ukitokea hapa, ng'ombe. Ukitokea pale, mbuzi. Kule chini, nguruwe.

Akasema kila mtu alete nyama anayokula mtaani kwake.

Na mie huku kwetu Temeke nakula nyama moja tu ya mtaani, mishkaki ya Mzee Mshamu.

Mzee Mshamu ni mtu wa Pwani, jiko lake liko pembeni ya kijiwe cha bodaboda, ng'ambo ya msikiti. Ana maneno kuliko redio. Mie mtoto wa Kichaga ananiita Mangi tangu sijui kufunga kamba za viatu, na jina langu la Godi sidhani kama analijua. Watu wakitoka swala ya magharibi wanapita kwake kwanza ndipo wanakwenda kwao.

Jana nilisimama hapo kijiweni, nikatanua kifua: "Kesho naipeleka hii mishkaki maabara. Nitawaletea jibu mnakula nini. Wengine humu mnabwekaga usiku, sababu yake itajulikana."

Sele, mshkaji wangu anayeendesha bodaboda, alicheka mpaka akalalia tanki la pikipiki. Na Mzee Mshamu wala hakukasirika. Alichagua vijiti viwili vilivyoiva vizuri, akavifunga kwenye foili, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa posa.

"Pima, Mangi. Ukikuta paka niambie, kuna jirani yangu anamtafuta wake."

Kijiwe kizima kikalipuka. Ila kabla sijaondoka alinivuta pembeni na sauti ikashuka.

"Keshokutwa nachoma nyama ya walima wa harusi ya binti wa Bi Hadija. Jibu likitoka, lilete mapema. Nataka nilitangaze pale mbele ya watu."

Hakuwa anatania. Mzee wa watu alilitaka jibu langu kweli.

Sasa leo. Mchana Amani alinipigia kutoka Sinza, njoo ule kabla ya darasa. Nani anakataa? Kitimoto ya Sinza, ndizi za kukaanga, na pilipili ya kukutoa machozi. Sie tuliotoka Kilimanjaro tukiiona hiyo sahani tunasahau majina ya baba zetu. Nikala, nikanawa juu juu, nikafika Mabibo nimeshiba kama chatu.

Dada Rukia akarudia masharti yake. Mkasi na kibano safi kwa kila mtu. Na kila mtu awe na kichupa kimoja cha maji matupu, hakina nyama yoyote, kinachopita njia ile ile vinayopita vyenye nyama. Hapo nikaona ushamba. Maji nipime ya nini? Yatakuwa maji. Mama mmoja fundi cherehani tuliyekaa naye meza moja alikuwa anataka kupima supu ya mbuzi mara mbili kwa sababu hamwamini muuzaji wake, nikampa nafasi ya kichupa changu. Akanishukuru. Nikajiona muungwana.

Nyama ilikuwa imepoa, imeng'ang'ania kijiti. Nikaitoa kwa njia zangu, nikakata punje, nikatia kwenye dawa, nikaendelea na utani. Tukasubiri mashine imalize, tukapitisha kwenye jeli, taa ya buluu ikawashwa. Mistari ikang'aa kama taa za ukumbi wa muziki wa singeli. Nikatoa simu haraka haraka, nikapiga picha, nikaiweka statasi na maneno haya: UKWELI UMETOKA. TEMEKE NISUBIRINI.

Sikuwa hata nimeisoma hiyo mistari.

Dada Rukia alipita safu kwa safu akieleza. Alipofika yangu akainama, akarekebisha mtandio, akainama tena.

"Godi, hii nyama umesema umeitoa wapi?"

Kwenye safu yangu kulikuwa na mstari wa ng'ombe, mnene, hauna wasiwasi. Na kule chini kulikuwa na mwingine, mwembamba kama uzi. Ila ulikuwepo.

Nguruwe.

Dada Rukia hakupiga kelele. Aliuliza tu kichupa changu cha maji kiko wapi. Nikamwambia. Akafumba macho kidogo.

"Maji ya wenzako yote yako safi," alisema. "Kwa hiyo dawa zetu hazina shida. Imebaki nyama, au wewe. Na kitu ambacho kingetusaidia kujua kama ni wewe, umekigawa."

Halafu akaniambia hili si jibu, tutarudia Jumamosi ijayo, na mpaka hapo nisimwambie mtu kitu.

Nisimwambie mtu kitu. Na statasi ilikuwa imeshaangaliwa na nusu ya Temeke.

Nimeifuta. Kuifuta ndiko kumeharibu zaidi. Sele alianza na "Paka au mbwa?" na vikatuni vya kucheka. Baadaye, "Mbona umefuta?" Baadaye, "Godi unanitisha bwana, sema." Hii ya mwisho haina kikatuni.

Hapa ndipo nimejua jambo moja kuhusu mie. Sijawahi kunyamaza. Nikiumwa jino mtaa mzima unajua ni jino la upande gani. Sasa mtu kama mie akinyamaza, watu wanajaza wenyewe, na hawatajaza kuku.

Naogopa, Shajara. Kesho ni walima. Ikitoka kwamba kwenye nyama ya Mzee Mshamu kumeonekana nguruwe, hatauza tena hata mahindi. Watu waliokula kwake miaka yote, wakitoka kuswali, watajisikiaje? Na aliyeleta habari ni nani? Mla kitimoto, mtoto wa Kichaga, mwenye mdomo. Namwogopea yeye na najiogopea mwenyewe, na nikisema kweli, sasa hivi woga wa kwangu ndio mkubwa.

Na kuna kingine ambacho sikupenda kukiandika. Nimeanza kumkagua mzee kichwani. Anayemuuzia nyama ni nani? Mbona jana alicheka haraka vile? Mtu amenilisha tangu nina kimo cha jiko lake, na uzi mmoja wa buluu umetosha nianze kumtazama kama mwizi. Kama mie nimeanza, wengine je?

Kuna mtu anagonga dirisha.

Ni Sele. "Wee Godi! Najua umo humo, feni inazunguka!"

Amegonga tena, halafu akasema kwa sauti ya chini, mdomo uko kwenye wavu wa dirisha: "Watu wameshatoka msikitini. Mzee amesitisha kuchoma. Anasema hageuzi kijiti hata kimoja mpaka Mangi aje. Toka bwana."

Ameondoka. Nimesikia kandambili zake mpaka kwenye kona.

Naandika upuuzi. Tangu nianze kuandika ulimi wangu unahangaika na kitu kwenye jino la nyuma. Nimekitoa kwa ukucha. Ni unyuzi wa nyama, mweupe, wa mafuta. Kitimoto ya Amani. Nguruwe.

Subiri.

Subiri kwanza, Shajara.

Ule mshkaki niliutoaje kwenye kijiti?

Kibano kilikuwepo. Mkasi ulikuwepo. Nyama iling'ang'ania, nikafanya kama ninavyofanya kila jioni pale kijiweni, kama anavyofanya kila mtu Dar es Salaam mwenye kijiti mkononi. Niliivuta kwa meno. Kipande cha kwanza nikakitafuna, cha pili nikakitema kwenye kisahani nikakikata. Kwa meno yaliyotoka Sinza.

Nimemtumia ujumbe Dada Rukia. Amejibu neno moja tu: "Meno?"

Natoka.

* * *

Nimerudi.

Njiani nilipanga namna nyingi za kulisema jambo hili nikabaki msafi. Kwamba mashine iliharibika. Kwamba umeme ulikatika. Kwamba mwalimu amekosea. Nilipofika pale zote zilikauka. Watu walikuwa wamesimama, wengine na kanzu, wengine na funguo za pikipiki, na hakuna aliyekuwa anakula. Vijiti vilikuwa vimepangwa juu ya jiko, makaa yamefunikwa majivu. Mzee Mshamu ameshika kipepeo chake cha kupepea moto na hapepei.

"Haya, Mangi," alisema. "Umemkuta paka wa jirani?"

Alikuwa anacheka kwa mdomo tu. Hapo nikajua kwamba mwenzangu anaogopa kuliko mie, na anaogopa kitu ambacho hata hajui ni nini.

Nikasema yote. Kwamba ng'ombe yumo, amejaa tele. Kwamba chini yake umetokea mstari wa nguruwe, mwembamba. Mtu mmoja nyuma akasema "Astaghfirullah," na Sele akashuka kwenye pikipiki. Nikaendelea haraka kabla mtu hajanikata: kwamba mchana nilikula kitimoto Sinza, na nyama ya Mzee niliivuta kijitini kwa meno yale yale.

Baba mmoja mwenye kanzu, namfahamu kwa sura tu, akauliza taratibu, na upole wake ndio ulionitisha: "Kijana, nguruwe amepatikana, au hajapatikana?"

"Amepatikana, shehe. Naamini ametoka kinywani kwangu."

"Unaamini, au una uhakika?"

Shajara, pale ndipo pangeniokoa uongo. Ningesema nina uhakika, wangeniamini, na kesho mzee angechoma nyama yake kwa raha. Mdomo ulishafunguka kabisa. Nikamkumbuka Dada Rukia na kichupa cha maji nilichokigawa kama pipi.

"Sina," nikasema. "Jibu nililolileta ni bovu. Halimchafui mzee na wala halimsafishi. Msiliamini. Msiniamini mpaka turudie."

Sikuwahi kufikiri nitawaomba watu wa kijiwe changu wasiniamini.

Mzee Mshamu akaweka kipepeo chini, akanisogelea. "Fungua kinywa."

"Mzee, shikamoo..."

"Marahaba. Fungua."

Nikafungua. Mbele ya watu wote akawasha tochi ya simu, akachungulia humo ndani kama anatafuta ufunguo uliopotea.

"Pango lote hili," akasema, "na nyama yangu ukaipitisha humu?"

Kuna waliocheka. Kidogo tu. Ndicho kicheko kitamu kuliko vyote nilivyowahi kuvisikia, na kiliisha haraka.

Kisha akawageukia watu. Akasema nyama ya kesho haitatoka buchani. Ng'ombe wa Bi Hadija atachinjwa pale pale uani kwake alfajiri, mbele ya anayetaka kuja kuangalia, na itachomwa pale pale. "Na huyu," akanielekezea kidole, "atashika kamba. Tena akiwa ameshapiga mswaki."

Yule baba wa kanzu akaitikia kwa kichwa. Walima umenusurika, nikajua hilo. Nikataka kushusha pumzi.

Ila watu wakaanza kuondoka. Hakuna aliyetukana. Mmoja amekumbuka mkewe kapika, mwingine ana abiria anamsubiri. Vijiti vikabaki pale jikoni vimejipanga. Mzee akachukua kimoja, akala amesimama, akitafuna taratibu kila mtu aliyebaki akimwona. Akachukua cha pili, akampa Sele.

Sele akakipokea. Akakitazama. Akanitazama mie.

"Nimekula nyumbani, Mzee," akasema, na akakirudisha.

Sele halagi nyumbani. Tangu nimjue hajawahi kula nyumbani.

"Haya, baba," Mzee Mshamu alisema. Akakipokea, akakilaza pembeni ya wenzake, akaanza kupepea makaa ambayo hayakuwa na kazi.

Nilitamani anitukane. Nilitamani anipige na kile kipepeo. Badala yake aliingiza koleo lake kwenye maji yanayochemka, akachukua vipande vipya, vibichi na vya kuchoma, akavitia kwenye kopo la mfuniko alilolisuuza kwa maji yale yale.

"Jumamosi. Peleka hii. Na siku hiyo funga, Mangi. Usile kitu mpaka upime."

Nikanyoosha mkono kulipokea, halafu nikaurudisha. Nilikumbuka friza letu nyumbani. Kule chini, chini ya samaki wa mama, kuna mfuko wa kitimoto tangu Pasaka.

"Mie nisiliguse," nikasema. "Likae kwenu, Sele. Mama yako alifunge kwenye friza lenu. Jumamosi ulibebe wewe, twende wote Mabibo, ukate wewe, na kichupa cha maji ushike wewe. Mie nitasimama mlangoni."

Sele akafikiri. Akachukua lile kopo, akalikumbatia kama mtoto, akaondoka nalo bila kuwasha pikipiki. Aliisukuma kwa mguu, mkono mmoja kwenye usukani, mpaka nje ya mwanga wa jiko. Hatukutaniana hata neno moja. Sijui kama tutataniana tena.

Sasa niko kitandani. Nimefungua dirisha. Nimepiga mswaki mpaka fizi zinauma, kana kwamba hiyo inarudisha saa nyuma.

Ninaichapisha hii humu kwa sababu mtaani imeshasikika yote, na wakiisoma basi waisome kamili, pamoja na kile kipande cha meno.

Bado naogopa. Nikifumba macho naona uzi wa buluu. Moyoni najua ni wangu. Najua kama ninavyojua jina langu. Lakini ndivyo nilivyojua pia kwamba maji ni maji na hayana haja ya kupimwa. Je, Jumamosi maji ya Sele yakitoka safi, na uzi ukawepo tena? Nitarudi kijiweni na uso gani? Nitamwambia nini mtu aliyenipa kopo mara ya pili?

Kutoka hapa nasikia kipepeo cha Mzee Mshamu. Bado anapepea. Sijasikia sauti ya mtu anayenunua.

Nimetega alarmu. Alfajiri nina kamba ya ng'ombe ya kushika, na safari hii mdomo wangu utabaki umefungwa.